Saa Zinazoyeyuka Ufukweni: Namna ya Kusoma Mchoro Unaotatiza

Novemba 2024, katika mnada uliofanyika New York, mchoro mmoja wa René Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, uliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 121 za Marekani. Ndani yake kuna nyumba iliyo gizani, taa ya barabarani imewashwa, miti imebaki vivuli vyeusi. Lakini juu ya nyumba hiyo ya usiku kuna anga la mchana kweupe, la buluu, lenye mawingu. Ni hayo tu. Picha za namna hii zikipita mitandaoni, maswali huwa yale yale: maana yake nini, kwa nini pesa zote hizo, na haichukui muda kabla mtu hajaandika kwamba hiyo ni Freemason.

Mchoro unaoulizwa zaidi kuliko yote katika ukoo huu ni ule wa saa zinazoyeyuka ufukweni, uliochorwa mwaka 1931 na Salvador Dalí wa Hispania. Jina lake, tukilileta kwa Kiswahili, ni Kudumu kwa Kumbukumbu. Nitautumia huo kueleza jambo ambalo naona linawachanganya watu wengi wenye akili zao timamu: mchoro wa ajabu unasomwaje, na ishara zake zinatoka wapi.

Kwanza tukubaliane maneno. Mchoro wa mandhari ni ule ambao mhusika wake mkuu ni mahali: bahari, mlima, shamba, anga. Watu wakiwemo, huwa wadogo au wapo pembeni. Usurealisti ni vuguvugu la washairi na wachoraji lililotangazwa Paris mwaka 1924, André Breton alipochapisha ilani yake. Breton alisomea udaktari, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alihudumia askari waliovurugikiwa akili vitani. Huko alikutana na mawazo ya Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeamini kwamba ndoto zinaonyesha yale ambayo akili iliyo macho inayaficha. Breton na wenzake wakasema: kama ndoto inajua mambo ambayo mchana hatuyajui, basi msanii achote humo. Mandhari ya kisurealisti, kwa hiyo, ni mahali palipochorwa kwa namna ambayo ndoto hupaonyesha.

Maneno mengine mawili ni ishara na fumbo. Ishara ni kitu kinachoonekana kinachobeba kitu kisichoonekana. Fumbo ni ile hali ya picha kukataa kukuachia uondoke ukiwa umeimaliza. Watu wengi wanadhani ukishazifasiri ishara zote, fumbo linakwisha. Kumbe vinafanya kazi mbili tofauti, na kosa kubwa la usomaji wa michoro hii huanzia hapo.

Sasa tuutazame mchoro wenyewe. Wengi hushangaa wakiambiwa ukubwa wake: sentimita 24.1 kwa 33, umezidi karatasi ya A4 kidogo tu. Uko katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York tangu mwaka 1934. Umechorwa kwa rangi za mafuta na brashi nyembamba, kwa utulivu mkubwa, hata alama za brashi ni shida kuziona.

Upande wa kushoto kuna kitu kama meza au kasha la rangi ya udongo, lenye kingo zilizonyooka. Juu yake umeota mti mkavu usio na jani hata moja, na kwenye tawi lake saa imening'inia kama nguo iliyoanikwa. Saa nyingine imelala ukingoni mwa kasha, nusu juu, nusu imeinama chini, na nzi ametua kwenye uso wake. Katikati, chini, kuna kiumbe cheupe kilicholala mchangani. Ukikitazama kwa haraka unadhani ni samaki au kitambaa. Ukitulia unaona jicho lililofumbwa, kope ndefu, na pua. Mgongoni amewekewa saa ya tatu kama tandiko la farasi. Saa ya nne ndiyo pekee iliyo ngumu: ni saa ya mfukoni, ya rangi ya machungwa, imefungwa kifuniko chake, na sisimizi wamejazana juu yake. Nyuma kabisa kuna bahari tulivu isiyo na wimbi, na kulia majabali yanayong'aa kwa jua. Sehemu yote ya mbele imefunikwa na kivuli kirefu, na mwenye kivuli hicho hayumo ndani ya picha.

Nimeyaeleza hayo kwa kirefu kwa sababu kusoma mchoro kunaanza hapo, kwa kutaja kilichopo. Wengi tunaruka hatua hii. Tunaona saa laini, tunasema "wakati unapita", tunafunga. Sisimizi hatukuwaona, wala kivuli, wala jicho.

Jambo la pili ni kwamba mahali hapo ni pa kweli. Yale majabali ni ya Cap de Creus, rasi iliyo kaskazini mashariki mwa Hispania, katika Catalonia, sehemu ya bara ya nchi hiyo iliyo mashariki kuliko zote. Dalí alizaliwa karibu na hapo, katika mji wa Figueres, mwaka 1904, na utotoni familia yake ilikwenda kupumzika majira ya joto katika kijiji cha wavuvi cha Cadaqués. Upepo mkali wa kaskazini na chumvi ya bahari vimeyala mawe ya rasi hiyo kwa karne nyingi hadi yamekuwa na maumbo ya ajabu, na wenyeji huyapa majina ya wanyama na watu wanaofanana nayo. Dalí alikua akiyatazama mawe hayo kutoka kwenye mashua, akiona jinsi jiwe moja linavyogeuka kuwa kitu kingine kadiri mashua inavyosogea. Hata yule kiumbe mweupe aliyelala, mwenye sura ya Dalí mwenyewe kwa upande, wachambuzi wengi wanamhusisha na umbo la jabali mojawapo la huko.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote: ajabu ya picha hii imejengwa juu ya ukweli. Dalí hakuchora kila kitu kikiwa kimevurugika. Bahari ni bahari, mwamba ni mwamba, mwanga unaangukia panapostahili. Kisha akaivunja kanuni moja tu, ile inayosema kwamba chuma ni kigumu. Magritte alifanya vivyo hivyo na nyumba yake: kila kitu ni cha kawaida kabisa, isipokuwa mchana na usiku vimekutana mahali pamoja. Angevunja kanuni kumi, tungeona fujo na tungeondoka. Kwa kuvunja moja na kuziheshimu nyingine zote, anatunyima pa kutokea, kwa sababu macho yanasema ni kweli na akili inasema haiwezekani. Kivuli kisicho na mwenyewe kinaongeza uzito huo. Ujanja huo wasurealisti waliurithi kwa Giorgio de Chirico, Mwitaliano aliyechora viwanja vitupu vya miji vyenye vivuli virefu miaka zaidi ya kumi kabla ya ilani ya Breton.

Sasa ishara. Ziko za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakozaa tafsiri za ovyo. Aina ya kwanza ni ishara ya watu wote. Katika uchoraji wa Ulaya wa karne ya 17, fuvu, mshumaa unaoisha na saa viliwekwa juu ya meza kumkumbusha mtazamaji kwamba atakufa, na kila mtu aliyeiona picha alilijua hilo. Kwetu, vinyago vya mashetani vya Wamakonde ni mfano wa karibu. Mtu asiyewajua Wamakonde akiviona, vikiwa na jicho moja, mkono uliojipinda, mdomo uliotokea tumboni, husema haraka kwamba ni usurealisti wa Kiafrika. Sikubaliani naye. Mchongaji wa kinyago hicho anazungumza na jamii inayojua habari za mashetani, inayosimulia visa vyao, inayojua huyu ana tabia gani na yule gani. Umbo ni la ajabu, lakini msingi wake unafahamika na wengi.

Aina ya pili ni ishara ya mtu binafsi, na kwa Dalí nyingi ni za aina hii. Chukua wale sisimizi. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe, Dalí anasimulia kwamba akiwa mtoto alipewa popo aliyejeruhiwa, akamhifadhi, na asubuhi yake akamkuta anakufa huku sisimizi wamemjaa mwili mzima. Baada ya hapo sisimizi hawakumtoka. Katika filamu fupi aliyoitengeneza na Luis Buñuel mwaka 1929, sisimizi wanatoka katika tundu lililo kwenye kiganja cha mtu. Wamo pia katika michoro yake mingine ya miaka hiyo. Kwa hiyo tukisema sisimizi kwa Dalí wanabeba uozo na kifo, hatubahatishi, kwa sababu tumewafuata kutoka kazi moja hadi nyingine na kila mahali tumewakuta penye kitu kinachooza.

Hiyo ndiyo njia ya halali ya kusoma ishara ya binafsi: unaangalia msanii huyo huyo ameitumia wapi tena. Hakuna kamusi. Ukichukua kitabu cha tafsiri za ndoto kinachosema sisimizi maana yake ni mali au majirani wengi, ukakibandika kwenye mchoro wa Dalí, utapata jibu lisilomhusu. Na nyoka, yai au ufunguo katika mchoro wa mtu mwingine vitahitaji kufuatiliwa upya, kwa mwenyewe.

Tatizo letu jingine ni kwamba tunauchukulia mchoro kama kitendawili. Katika kitendawili, mtu anatega, wengine wanajaribu, na jibu lipo moja tu, analo mtegaji. Nyumba yangu haina mlango: yai. Wakishindwa wanampa mji, naye anawatolea jibu, mchezo unaendelea. Mtu anayesimama mbele ya mchoro wa Dalí akisema "sijaelewa" mara nyingi yuko tayari kutoa mji wake ili aambiwe jibu. Shule nayo imetuzoesha hivyo. Kwenye Fasihi tuliulizwa dhamira ni ipi, ujumbe ni upi, falsafa ya mwandishi ni ipi, na mtihani ulikuwa na majibu. Ni maswali mazuri kwa riwaya au tamthilia inayokemea rushwa. Lakini mchoro huu haukutegwa ili uteguliwe. Hauna ujumbe mmoja aliouficha mtu, na ndiyo maana kutokuwa na jibu moja si upungufu wa mtazamaji wala utapeli wa mchoraji.

Ila hapo hapo kuna hatari ya upande wa pili, na inanikera zaidi: watu wakisikia kwamba hakuna jibu moja, wanahitimisha kwamba kila jibu ni sawa. Hapana. Tafsiri inapaswa kushika kitu kilichomo kwenye turubai. Ukiniambia mchoro huu unahusu usingizi, nitakuuliza unaona wapi, nawe utanionyesha jicho lililofumbwa, tumeelewana. Ukiniambia unahusu ukoloni, nitakuuliza swali hilo hilo, na nadhani utakosa pa kuweka kidole.

Kwa kipimo hicho hicho, dai la Freemason halisimami. Alama zinazojulikana za Freemason ni bikari na pembemraba za mafundi ujenzi, na lile jicho linaloona yote. Katika mchoro huu hakuna bikari wala pembemraba, na jicho lililopo ni moja, nalo limefumbwa. Dai la pili, kwamba mtu wa kuchora hivi lazima alikuwa amelewa bangi au kitu kikali zaidi, linakanushwa na mkono wenyewe. Kuchora nzi na kundi la sisimizi kwenye eneo dogo hivyo kunahitaji mkono usiotetemeka na subira, na Dalí mwenyewe alikana kutumia dawa za kulevya. Ndoto alizitafuta kwa makusudi, akiwa macho.

Wapo pia wanaodhani jina la mchoro ndilo ufunguo. Kwa wasurealisti, tahadhari. Magritte alikuwa na kawaida ya kuwaita marafiki, wengi wao washairi, wazitazame kazi zake mpya na kumpendekezea majina. Jina liliwekwa livutane na picha, pengine hata lizidi kuitatiza.

Hata hivyo jina la mchoro huu wa Dalí linafaa kutafakariwa, kwa sababu ya yaliyompata kabla hajauchora. Mwishoni mwa mwaka 1929 baba yake, aliyekuwa mthibitishaji wa hati pale Figueres, alimfukuza nyumbani. Sababu zilikuwa mbili zilizoungana: mchoro ambao Dalí aliuandika maneno ya kumtukana mama, wakati mama yake alikuwa ameshafariki, na uhusiano wake na Gala, mwanamke mzaliwa wa Urusi aliyekuwa bado mke wa mshairi Paul Éluard. Mwaka uliofuata Dalí na Gala walinunua kibanda cha wavuvi Port Lligat, ghuba ndogo iliyo ng'ambo ya kilima tu kutoka Cadaqués. Yaani alirudi kuishi karibu kabisa na pwani ya utoto wake akiwa amekatwa na familia yake. Mwaka mmoja baadaye akachora pwani hiyo, tupu, bila mtu wala mashua, yeye mwenyewe akiwa amelala mchangani kama kitu kilichotupwa na bahari, na mbele yake kivuli cha kitu kikubwa kilicho nje ya fremu.

Wapo wanaosema kivuli hicho ni cha mlima Pení ulio juu ya Cadaqués, na inawezekana. Mimi nikikitazama namwona baba. Siwezi kuthibitisha kwamba Dalí alikusudia hivyo, na sihitaji. Kivuli kipo, mwenye kivuli hayupo, pwani ni ile, na mwaka ni 1931. Saa ile ngumu iliyofungwa naisoma kwa mkondo huo huo: saa tatu zimelegea na hakuna kinachozila, ila nzi mmoja. Ile ambayo haikukubali kulegea ndiyo sisimizi wameifuata kama nyama. Mwingine atasema kifuniko kinaficha uozo uliomo ndani, na sisimizi wameunusa. Tunaweza kubishana hadi usiku, na wote wawili tutakuwa tumeweka kidole mahali pamoja.

Neno moja kuhusu picha za ajabu zinazotengenezwa siku hizi na programu za akili mnemba, kwa kuwa nazo zinazunguka na watu wanaziulizia maana. Unaweza kuuliza mahali ni wapi na kanuni gani imevunjwa. Swali la ishara ya binafsi, kwa programu, halina pa kwenda. Saa iliyoyeyuka humo imeokotwa kwa Dalí bila popo wala baba. Kama kuna mtu aliyeiagiza picha hiyo akiwa na jambo lake moyoni, muulize yeye.

Nimeliacha mwisho dai linalorudiwa hata na wasomi, kwamba saa laini ni nadharia ya Albert Einstein kuhusu wakati. Linavutia, kwa sababu Einstein alikuwa ameshaonyesha, mwaka 1905 na tena 1915, kwamba wakati haupiti kwa mwendo mmoja kila mahali. Lakini Dalí alipoulizwa na mwanasayansi Ilya Prigogine, alijibu kwamba hapana, aliwaza jibini ya Camembert inayoyeyuka kwa joto. Katika kitabu cha maisha yake alikuwa ameshasimulia habari hiyo. Jioni moja kichwa kilimuuma, Gala akatoka na marafiki kwenda sinema, yeye akabaki mezani akiwaza jibini laini waliyomalizia nayo chakula. Kabla ya kulala akaenda kuutazama mchoro aliokuwa ameuanza, mandhari ya Port Lligat yenye mzeituni mkavu, uliokuwa ukimsumbua kwa sababu haukuwa na jambo. Akaziona saa laini. Kwa muda wa saa mbili akazichora, na Gala aliporudi akamwambia kwamba hakuna mtu atakayeuona mchoro huo kisha ausahau.

Simulizi hiyo nayo isichukuliwe kama hati ya mahakama. Dalí alipenda kujikuza na kuwachezea wasikilizaji. Lakini inakubaliana na turubai: mandhari yalitangulia, saa zikafuata, na ulaini wake ni wa kitu cha kuliwa kuliko wa hesabu za fizikia. Fizikia iliingia baadaye. Mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945 yalimtikisa Dalí, akaanza kusoma habari za atomu, na kati ya mwaka 1952 na 1954 akauchora upya mchoro wake wa saa. Huo uko katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko St. Petersburg, Florida. Pwani ya Cadaqués sasa inaelea juu ya maji. Lile kasha limekatwakatwa kuwa matofali yaliyopangwa kwa safu, hayagusani, kuna nafasi kati ya moja na jingine, na saa zenyewe zimeanza kuachana vipande. Anayetaka kuzungumza habari za fizikia katika saa za Dalí, aanzie kwenye mchoro huo.